KUCHUKUA CHAPA YA MENO: KWA NINI MALIGHAFI MOJA HAITOSHI KWA KAZI ZOTE



Kila mwaka bajeti ya huduma ya kinywa na meno inapopita kwenye kamati za sharika, kuna kifungu kimoja ambacho hakikosi kuulizwa. Ni kile kinachoomba fedha za “malighafi za chapa, aina nne”. Wajumbe huuliza: kwa nini aina nne? Je, haiwezekani kununua moja iliyo rahisi ikatumika kwa wagonjwa wote? Wafadhili nao huuliza kwa namna yao: wakiwa na sanduku la malighafi nzuri ya kisasa huko kwao, je, walitume?

Maswali haya ni ya haki. Fedha tunazozitumia ni sadaka, na anayetoa sadaka anastahili kujua imefanya kazi gani. Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo hili kwa lugha nyepesi, ili kamati inapoamua kukata au kuongeza iwe inajua inakata nini na inaongeza nini.

Chapa ni nini?

Meno ya bandia hayatengenezwi mdomoni mwa mgonjwa. Hutengenezwa maabara na fundi sanifu wa meno, ambaye mara nyingi hajawahi kumwona mgonjwa huyo. Kwa hiyo ni lazima fundi apate nakala ya kinywa. Daktari au tabibu wa meno huweka malighafi laini kwenye trei yenye umbo la taya, huiingiza mdomoni, husubiri igande, kisha huitoa. Kilichobaki kwenye trei ni chapa, yaani umbo la kinywa likiwa kinyume, kama kalibu ya tofali. Ndani ya chapa hiyo humiminwa jasi iliyokorogwa na maji. Jasi ikikauka tunapata modeli, na fundi hufanya kazi yake yote juu ya modeli hiyo.

Kosa lolote kwenye chapa linahamia kwenye modeli, na kutoka kwenye modeli linahamia kwenye meno ya bandia. Fundi hodari hawezi kulisahihisha kwa sababu halioni. Mgonjwa ndiye atakayeligundua, siku atakapovaa meno yale yakamchoma ufizi au yakamwanguka anapoongea. Matokeo yake wengi wetu tunayajua: meno ya bandia yaliyolipiwa yanakaa kwenye kikombe kabatini, na mzee anaendelea kunywa uji.

Si tatizo la watu wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kuwa magonjwa ya kinywa yanawapata watu wapatao bilioni 3.5 duniani. Shirika hilo linakadiria pia kuwa kati ya watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, takriban asilimia 23 hawana hata jino moja. Hao ndio wazee wa makanisa yetu, walimu wastaafu, na bibi wanaoimba kwaya.

Maswali ambayo mtaalamu hujiuliza

Kabla ya kuchagua malighafi, mtaalamu hujiuliza mambo yafuatayo:

1. Je, mdomoni mna meno au hamna? Jino lina kiuno chembamba karibu na ufizi. Malighafi ngumu ikigandia hapo haitatoka bila kuvunjika au kumuumiza mgonjwa. Penye meno inatakiwa malighafi inayonyumbulika kama mpira.
2. Je, kinachotakiwa ni usahihi kiasi gani? Modeli ya kumwonyesha mgonjwa hali ya meno yake haihitaji usahihi sawa na kofia ya jino, ambayo inapaswa kulikaa jino bila kuacha hata upenyo mdogo.
3. Je, jasi itamiminwa lini na wapi? Baada ya dakika 10 chumba cha pili, au kesho katika mji mwingine?
4. Je, mgonjwa ataweza kuvumilia? Wapo wanaotapika haraka, wenye midomo mikavu, na wenye ngozi isiyopatana na baadhi ya kemikali.
5. Je, bei yake inalingana na kazi?

Hakuna malighafi moja inayojibu maswali haya yote vizuri. Ndiyo maana aina ni nyingi.

Aljineti: ya kila siku

Aljineti ni unga unaotokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi. (Mwani unaolimwa na akina mama wa Zanzibar ni wa jamii nyekundu, nao hutoa kitu kingine kinachotumika zaidi viwandani kwenye vyakula.) Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia madaktari wa meno walitumia sana agari, ambayo kwa sehemu kubwa ilitoka Japani. Vita ilipokata biashara hiyo, watafiti waligeukia mwani wa kahawia, na tangu hapo aljineti imeenea duniani kote.

Ndani ya unga huo mna chumvi ya mwani pamoja na jasi kidogo. Unapotiwa maji, kalsiamu ya jasi huunganisha chumvi ya mwani ikawa kama jeli ngumu. Hugandia mdomoni kwa dakika chache tu, hunyumbulika hivyo hutoka kwenye viuno vya meno bila kuvunjika, haina ladha mbaya, na bei yake ni ndogo. Kwa modeli za uchunguzi, kwa chapa ya kwanza, kwa meno ya bandia ya sehemu (pale mgonjwa aliyebakiwa na baadhi ya meno yake anapowekewa machache), kwa vifaa vya kunyoosha meno ya watoto na kwa kinga za meno za wanamichezo, aljineti inatosha kabisa.

Ina udhaifu mmoja mkubwa. Sehemu kubwa ya chapa ya aljineti ni maji. Ikiachwa mezani maji hutoka, nayo hunywea kama udongo wa mfinyanzi unavyonywea juani. Ikitumbukizwa kwenye maji muda mrefu, huyanywa na kuvimba. Kwa hiyo jasi imiminwe mapema, ikiwezekana ndani ya dakika 15. Ikibidi kusubiri, chapa ifungwe kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, na isizidi nusu saa. Jasi ikishakuwa ngumu, baada ya muda wa kama saa moja, modeli itolewe. Ikiachwa humo usiku kucha aljineti hukauka na kukwaruza jasi.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Maji ya vuguvugu huharakisha kuganda, hata aljineti ikaganda bakulini kabla ya kufika mdomoni. Katika maeneo ya joto ni vizuri kutumia maji yaliyopozwa kwenye mtungi au jokofu, ya nyuzi joto 20 hivi. Kopo likishafunguliwa lifunikwe vizuri, maana joto na unyevu huharibu unga. Kopo linalokaa stoo yenye paa la bati bila dari halitadumu hadi tarehe iliyoandikwa juu yake.

Keki ya chapa: kwa kinywa kisicho na meno

Aina ya pili ni bamba gumu, mara nyingi la rangi ya kahawia au nyekundu, linalolainika kwenye maji ya moto ya nyuzi joto 55 hadi 60 na kuwa gumu tena linapopoa. Mafundi wengi huiita keki. Haichukui alama ndogondogo za ufizi, na haifai penye meno kwa kuwa ikipoa hainyumbuliki. Lakini kwa mgonjwa asiye na jino lolote inafaa sana kwa chapa ya kwanza, kwa sababu ni nzito na husukuma mashavu na midomo vizuri. Kikikosewa kitu, mtaalamu huilainisha tena na kurekebisha sehemu ile tu. Haihitaji umeme, ila maji ya moto na kipimajoto. Ya vijiti vyembamba hutumika kuzungushia kingo za trei, ili meno ya bandia yashike vizuri ukingoni.

Uji wa zinki na karafuu: kwa chapa ya pili

Hapa tuna jambo litakalowafurahisha wasomaji wa Pwani na Visiwani. Malighafi hii huja kwenye mirija miwili. Mmoja una oksidi ya zinki, na mwingine una yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kuu ya mafuta ya karafuu. Vikichanganywa huwa uji mzito wenye harufu ambayo mtu wa Pemba ataitambua akiwa mlangoni.

Uji huu huchukua alama za ufizi kwa usahihi mkubwa na haubadiliki umbo ukishaganda. Kwa mgonjwa asiye na meno, ndio unaotumika kwa chapa ya pili, ile ya mwisho. Lakini ukiganda huwa mgumu na unavunjika, kwa hiyo hautumiki penye meno. Hunata kwenye ngozi, hivyo midomo ipakwe mafuta kwanza. Huwachoma kidogo baadhi ya watu, na wenye midomo mikavu huumia zaidi. Hao wachukuliwe chapa kwa silikoni.

Huenda mjumbe akauliza: kwa nini chapa mbili kwa mtu mmoja? Ya kwanza huchukuliwa kwa trei ya kiwandani, ambayo ni ya ukubwa wa watu wote. Kutokana nayo fundi hutengeneza trei maalumu ya akriliki inayomfaa mgonjwa yule peke yake. Chapa ya pili huchukuliwa kwa trei hiyo, nayo ndiyo inayobeba usahihi. Kuiruka chapa ya pili ili kuokoa fedha ni kama kumpima mtu suti kwa macho.

Silikoni: inapotakiwa usahihi au uvumilivu

Silikoni ni jamii ya mpira. Huja ikiwa nzito kama unga uliokandwa na nyingine nyepesi kama asali, na kwa kawaida hutumika zote mbili pamoja: nzito hujaza trei, nyepesi huingia kwenye pembe ndogo kuzunguka jino. Hii ndiyo inayofaa kwa kofia za meno na madaraja.

Yapo makundi mawili, na ni muhimu kuyatofautisha kwa sababu maboksi yake yanafanana. Kundi la kwanza, la bei ya kati, hutoa pombe kidogo linapoganda. Pombe ikiyeyuka chapa hupungua umbo, kwa hiyo jasi imiminwe ndani ya saa moja hivi. Kundi la pili, lililo ghali zaidi, halitoi kitu hicho. Chapa yake hukaa siku kadhaa bila kubadilika, na inaweza kumiminiwa jasi zaidi ya mara moja. Lakini kundi hili lina adui wa ajabu: glovu za mpira wa kawaida. Salfa iliyomo kwenye glovu huizuia kuganda. Anayeikanda avae glovu za plastiki au za nitrili. La sivyo boksi zima la fedha nyingi litabaki ulimi.

Polietha na mashine za kupiga picha

Polietha ilianza kutumika Ujerumani katika miaka ya 1960. Ni sahihi sana na haisumbuliwi na mate kama silikoni, lakini ni ngumu kuitoa mdomoni na inaweza kuling’oa jino lililolegea. Haipendi kukaa kwenye unyevu. Kwa zahanati zetu hatuioni kuwa ya lazima.

Siku hizi zipo pia mashine ndogo zinazopiga picha za meno na kutuma umbo lake kwenye kompyuta, pasipo trei wala jasi. Zinafanya kazi nzuri kwenye kofia na madaraja. Zinahitaji umeme wa uhakika, kompyuta yenye nguvu, na maabara iliyo tayari kupokea umbo hilo. Kwa kinywa kisicho na meno, chenye ufizi laini unaochezacheza, kazi ni ngumu zaidi. Tunalifuatilia jambo hili, ila hatuliombei fedha kwa sasa.

Kwa kifupi: kazi ipi, malighafi ipi

- Modeli ya uchunguzi, kunyoosha meno, kinga ya meno: aljineti.
- Meno ya bandia ya sehemu: aljineti, kwa trei inayofaa vizuri.
- Seti kamili, chapa ya kwanza: keki ya chapa au aljineti.
- Seti kamili, chapa ya pili: uji wa zinki na karafuu, silikoni nyepesi kwa mwenye mdomo mkavu au anayechomwa.
- Kofia ya jino na daraja: silikoni ya kundi la pili.

Sasa mjumbe anaona zile aina nne zilikotoka: aljineti, keki, uji wa zinki, na silikoni. Silikoni huombwa kwa kiasi kidogo, kwa sababu kazi zinazoihitaji katika vituo vyetu ni chache.

Umbali kati ya kiti na jasi

Tuchukue mfano wa zahanati iliyo mlimani, na maabara ya meno iko mjini, mwendo wa saa nne kwa basi. Tabibu amechukua chapa kwa aljineti saa nne asubuhi na kumkabidhi kondakta. Chapa inafika saa nane ikiwa imeshanywea. Fundi anamimina jasi kwa uaminifu wote, na seti inatoka ikiwa ndogo kuliko kinywa.

Wengi hufikiri suluhisho ni kununua silikoni ghali inayovumilia safari. Inawezekana, lakini si lazima. Njia rahisi ni kumimina jasi palepale zahanati. Kinachohitajika ni mfuko wa jasi ngumu, bakuli la mpira, kisu cha kukorogea, na saa moja ya kusubiri. Modeli ya jasi ikishakauka inaweza kufungwa kwenye gazeti na kusafiri hadi mwisho wa nchi bila kubadilika. Hivyo kamati inapokuta jasi na mafunzo ya siku chache kwa tabibu kwenye bajeti, isivikate kwa kudhani ni vitu vya pembeni. Bila hivyo, aljineti yote iliyonunuliwa ni hasara.

Jambo jingine ni usafi. Kila chapa ina mate, na mara nyingi damu. Inaweza kubeba vijidudu vya homa ya ini na kifua kikuu hadi kwa fundi na kwa anayebeba mzigo. Chapa ioshwe kwa maji, kisha itakaswe kwa dawa ya klorini iliyopimwa. Aljineti isizidi dakika 10 ndani ya dawa hiyo, kwa kuwa huvimba. Dawa na glovu navyo ni sehemu ya gharama.

Ombi letu kwa kamati za sharika

Seti kamili ya meno ya bandia huhitaji mgonjwa afike kama mara tano: chapa ya kwanza, chapa ya pili, kupima mwumano wa taya kwa nta, kujaribisha, na kukabidhiwa. Baada ya hapo anahitaji kurudi kurekebishiwa panapochoma. Mgonjwa anayeshindwa nauli katika safari ya tatu, chapa zake zote mbili zimekwenda bure. Aidha, aliyeng’olewa meno karibuni asiandikishwe haraka, kwa maana mfupa wa taya hupungua sana katika miezi ya kwanza, na seti itamlegea.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe, mnapopitisha majina, mhesabu na nauli. Kama fedha zinatosha watu 20 hadi mwisho, tuandikishe 20. Tunafahamu ni vigumu kuwaambia wengine wasubiri, hasa wakiwa ni wazee mnaosali nao kila Jumapili. Lakini kuwachukua chapa watu 40 na kuwakamilishia wachache ni kuwapa wengine tumaini lisilo na mwisho. Pia hakikisheni kuwa kazi hii inafanywa na mtaalamu aliyesajiliwa, wala si fundi wa mitaani anayebandika meno kwa gundi.

Ombi letu kwa wafadhili

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba tu kwamba kabla ya kutuma vifaa mtuandikie kwanza. Uingizaji wa vifaa tiba nchini, hata vya msaada, husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kibali kinapaswa kuombwa mapema. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa inataka kitu kifike kikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Nasi tunaomba kanuni hiyo ifuatwe hata kwa malighafi za chapa. Silikoni iliyobakiza miezi mitatu, ikikaa bandarini miezi miwili, hutufikia ikiwa mzigo wa kuteketeza, na kuteketeza nako kuna gharama.

Mara nyingi msaada ulio bora ni fedha. Aljineti, uji wa zinki na jasi hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya meno nchini, tena kwa kiasi tunachohitaji. Fedha hizo zinaweza pia kulipa nauli ya mgonjwa, kitu ambacho hakiwezi kuwekwa kwenye kontena.

Mzee anapopata meno yanayomkaa vizuri hula chakula kilekile wanachokula wajukuu wake, na husoma somo kanisani bila kufunika mdomo kwa mkono. Hiyo ndiyo diakonia tunayoiombea fedha. Tunaziomba kamati zilete maoni yao kuhusu kifungu hiki kabla ya kikao cha bajeti, pamoja na orodha ya wagonjwa na umbali wa kila mmoja kutoka kituo cha afya.